Kidole cha Bibi Chapanda Kizimbani

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwamba wiki nzima iliyopita hakuna aliyelala. Shughuli zilisimama. Watu wazima walikutana vibarazani wakiulizana kwa minong'ono: je, binti aliyejificha kabatini atatoka salama? Barua za wasomaji zilifurika katika ofisi za gazeti hili hadi mhariri akaagiza mkokoteni.

Barua zenyewe zilikuwa mbili. Moja ilitoka kwa mtu anayeuza baiskeli.

Haya, turudi kabatini.

Mliponiacha nilikuwa nimekunjamana kama mwavuli kati ya magauni ya Bibi, chumbani kwake katika nyumba ya kulelea wazee. Nilijificha kwa nia njema kabisa. Mjomba akiingia, nilitaka kutoa sauti ya marehemu Bibi Mkubwa, dada yake Bibi, yule aliyefariki akamwachia Bibi nyumba yake ya kona, yenye maduka chini na vyumba juu. Nilitaka Mjomba atoke mbio akiacha viatu.

Badala yake aliingia, akausukuma mlango kwa kisigino hadi ukafungika, akatoa mfukoni kidau cha wino.

"Mama," akasema kwa ile sauti yake ya kuuzia magari mabovu, "hebu nipe kidole."

Msomaji mgeni, shika haya upesi. Bibi ni mama mzazi wa Mama yangu, na Mjomba ni mwanawe pekee wa kiume, jambo ambalo hatujawahi kuruhusiwa kulisahau. Bibi alikuwa fundi cherehani. Mwaka jana alipata kiharusi: upande wa kulia ukalala, maneno yakagoma kutoka. Kwa kuwa hawezi kusema na wapangaji wala kufuata mambo ya urithi wake, mahakama lazima impe msimamizi. Mama anataka kodi ya maduka ilipie chumba hiki chenye dirisha, pamoja na Dada Mazoezi, yule anayemkunja na kumnyoosha Bibi kila asubuhi. Mjomba anataka kuiuza nyumba kwa dalali rafiki yake, na Bibi ahamishiwe ukumbi wa nyuma. Huko dirisha hakuna. Mazoezi hakuna. Vitanda vimebanana kama meno.

"Hajui alipo," Mjomba alimwambia Mama, mbele ya Bibi mwenyewe. "Hata ukimweka stoo, hajui."

Nilisikia kwa masikio yangu. Mpaka leo yanawaka.

Mimi ni mjukuu. Shuleni, bwenini, wananiita Kiberiti. Nipo nyumbani kwa kile ambacho mkuu wa shule amekiita "mapumziko ya kutafakari", baada ya matroni kuhama chumba chake kwa hofu ya mzimu uliokuwa ukigonga mabomba ya vitanda kila taa zikizimwa. Mzimu huo haujagonga tena tangu nilipoondoka, na watu wasio na huruma wameunganisha mambo hayo mawili.

Basi, kupitia ufa wa kabati, nikamwona Mjomba akiuinua mkono wa kulia wa Bibi, ule uliolala. Mkono uliokata sare yangu ya kwanza ya shule. Mkono uliomshonea yeye Mjomba suti za harusi, zote mbili, maana alioa mara mbili. Akakichovya kidole gumba cha Bibi kwenye wino kama mtu anayechovya mkate kwenye chai. Pembeni alikuwa na karatasi ya kusema kwamba Bibi amekubali yeye awe msimamizi.

Bibi alikuwa akitazama dirisha.

Nikavuta pumzi ndefu ili nimtoe marehemu kwa sauti nzito. Bahati mbaya nikavuta na dawa ya mende ambayo wauguzi huitundika humo ndani.

Nikapiga chafya.

Marehemu hawapigi chafya, lakini Mjomba hakulikumbuka hilo kwa wakati. Aliruka. Kidau kikaruka. Wino ukatua kifuani, katikati ya shati jeupe, na mimi nikaanguka sakafuni na viango vitatu vya kutundikia nguo shingoni.

"Wewe!"

"Shikamoo, Mjomba."

"Unafanya nini kabatini?"

"Namtafutia Bibi gauni. Na wewe unafanya nini na kidole chake?"

"Mambo ya watu wazima hayo. Toka nje."

"Mtu mzima humu ni Bibi. Umemuuliza?"

"Nimuulize nini?" Mjomba akanyoosha mkono kitandani kama anayeonyesha kiti kilichovunjika. "Huu ni ukuta! Uulize basi, tuone kama utakujibu!"

Wasomaji, mimi ni mtu wa mizaha. Nimewahi kumtilia mwalimu wa zamu chumvi kwenye chai, nikalala usingizi mnono. Lakini pale nilihisi hasira ya aina nyingine, isiyo na kicheko ndani yake. Ilipanda kutoka miguuni. Nikaichukua ile karatasi, nikaitumbukiza kwenye jagi la maji na kuikoroga kwa kijiko.

"Inaogelea," nikamwambia.

Akainua mkono. Nami nikainua shavu, nilikuwa tayari kabisa, nilitaka hata anipige ili kuwe na alama.

Mlango ukafunguliwa.

"Mzee, shusha huo mkono," akasema Dada Mazoezi, mikono kiunoni. "Hakimu ameshaingia getini."

Nyuma yake alisimama Mama, akihema, unga mpaka viwikoni. Mama ni mwokaji wa mikate, na alikuwa ameacha tanuri likiwaka. Akatazama wino kifuani kwa kaka yake. Akatazama wino kwenye kidole cha mama yake. Alichukua kitambaa, akaanza kukifuta kile kidole polepole, na kadiri alivyokifuta ndivyo wino ulivyozidi kuenea.

"Dada, usinitazame hivyo," Mjomba akasema.

"Sijakutazama, kaka. Nikikutazama nitafanya kitu."

Kwa kuwa Bibi hawezi kupanda ngazi za mahakama, siku hiyo mahakama ilipanda ngazi kumfuata Bibi. Hakimu alikuwa mwanamke mfupi mwenye mkoba mzito na viatu visivyotoa sauti. Mjomba akamsogezea kiti kwa adabu nyingi. Akakikataa, akakaa ukingoni mwa kitanda kama mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa.

"Shikamoo, mama," akamwambia Bibi. Akasubiri. Kisha akauona mkono. "Mbona kidole hiki kina wino?"

"Alikuwa akichezea, Mheshimiwa," Mjomba akajibu.

"Na shati lako nalo lilikuwa likichezea?"

Mjomba akafunga koti. Lilikuwa halifungi vizuri.

Lakini mjue kitu kimoja kuhusu Mjomba: ukimwangusha, anaamka akiwa anahutubia. Alianza pale pale. Akaeleza anavyompenda mama yake, na kwamba nyumba ya kona imechakaa, na kwamba dada yake ni mtu mwema lakini ni mtu wa unga, hajui mambo ya majengo. Akafikia machozi. Yalikuwa machozi mazuri, yalitoka jicho moja tu.

"Kwa kifupi, Mheshimiwa, mama yetu haelewi chochote. Anatazama dirisha kutwa. Lazima mtoto wake wa kiume amsemee."

"Anaelewa," Mama akasema.

"Unajuaje?" Hakimu akamuuliza.

"Namjua."

"Nahitaji zaidi ya hapo, mama."

Mama akaitazama mikono yake ya unga. Mjomba akashusha pumzi kama mtu aliyelegeza mkanda baada ya kula. Nami nikaona chumba cha dirisha kinaondoka. Nikamwona Bibi kwenye ule ukumbi wa nyuma akitazama mgongo wa mtu mwingine mpaka mwisho wa maisha yake, huku dalali akipaka rangi maduka.

"Mheshimiwa," nikasema, "Bibi hakuwa akijibu kwa mdomo hata alipokuwa mzima."

Wote wakageuka.

"Endelea," akasema Hakimu.

"Akishona alikuwa anashikilia pini mdomoni. Kutwa nzima. Ukimuuliza kitu, hawezi kufungua mdomo, pini zitaanguka. Kwa hiyo alikuwa anagonga meza kwa subana, kile kikofia cha chuma anachovaa kidoleni asichomwe na sindano. Mara moja, ndiyo. Mara mbili, hapana. Hata wateja walijua. Mama amelelewa hivyo. Na Mjomba pia."

"Kweli?" Hakimu akamuuliza Mjomba.

"Zamani," akanung'unika.

"Mara mbili ndizo alizozijua zaidi," Mama akasema.

Kwenye droo lilikuwamo kopo la vishikizo ambalo Bibi alikuja nalo, lenye nyuzi, pini na subana zake. Nikamvisha moja kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, mkono mzima. Dada Mazoezi akasogeza ile meza ya mbao ya kulia chakula kitandani, akauweka mkono juu yake.

"Mkono huu una nguvu kidogo," akamwambia Hakimu. "Anashika kijiko. Lakini kugonga sijawahi kumwona akigonga."

"Kuna mtu aliyewahi kumwomba agonge?"

Dada Mazoezi akainama, akaunyoosha mkono wa Bibi vizuri juu ya meza.

Mimi nikazunguka nyuma ya kitanda, upande wa kichwa, kumshikilia Bibi mto asiteleze. Mjukuu mwema lazima ashikilie mto.

"Mama," Hakimu akasema taratibu, "unanisikia?"

Nje mtu alikuwa akifagia.

*Tok.*

Mama akaruka. Mkono wake wenye unga ukaenda mdomoni.

"Mwanao huyu anataka kusimamia nyumba aliyokuachia dada yako. Wewe unataka hivyo?"

*Tok. Tok.* Ya pili ilikuwa kali, karibu ipasue kitu.

"Upuuzi!" Mjomba akapaza sauti. "Ni mkono unatetemeka tu!"

"Kaa chini. Mama, unataka kuhamia ukumbi wa nyuma?"

*Tok. Tok.*

Mama akaanza kulia. Si kilio cha jicho moja. Alipiga magoti kando ya kitanda, akaushika ule mkono uliolala wenye wino, akasema, "Mama, ulikuwapo. Siku zote ulikuwapo, nami nilikuwa nakuongelesha kama mtoto." Dada Mazoezi akageukia ukutani, akajifanya anapanga taulo.

Nawaambia ukweli, moyo wangu ulivimba kwa ushindi. Mjomba alikuwa amesinyaa ndani ya koti lake. Lilibaki swali moja tu, na Hakimu akaliuliza.

"Unataka binti yako asimamie nyumba?"

*Tok.*

Ndiyo! Imekwisha! Ningekuwa mhariri ningeishia hapo, niweke picha ya Bibi akitabasamu dirishani.

Lakini kabla Hakimu hajavuta kalamu, ikasikika sauti nyingine. Ilikuwa ya chini zaidi. Ilikuja polepole, kama mtu mwenye mguu mmoja anayepanda ngazi.

*Duk.*

Tukangoja.

*Duk.*

Mama aliinua uso, unga umeganda na machozi mashavuni.

"Hapana?" akanong'ona. "Mama, mimi? Umenikataa mimi?"

Mjomba alikuwa amesimama tena. Hakimu hakumtazama yeye wala Mama. Alikuwa akitazama juu ya kichwa cha Bibi, moja kwa moja usoni kwangu.

"Za mwanzo zote zililia chuma," akasema. "Hizi mbili zimelia mbao."

Wasomaji, rudini juu mkasome. Sikusema hata mara moja kwamba niliona kidole cha Bibi kikisogea. Niliwaambia kuna subana kwenye kopo, kwa wingi. Niliwaambia kuna mzimu unaogonga mabomba ya vitanda. Kama hamkunishtukia, basi nanyi mmelala bwenini kwangu, na matroni amehama.

"Binti," akasema Hakimu, "nionyeshe mkono wako."

"Upi, Mheshimiwa?"

"Huo ulio nyuma ya mto."

"Nilikuwa najikuna."

"Kwa subana?"

Nikautoa. Subana ya pili ilimeta kidoleni, sentimita moja kutoka kwenye bomba la chuma la kichwa cha kitanda. Nilitafuta utani wa kusema. Huwa ninao, hata mbele ya mkuu wa shule ninao. Pale sikuupata hata mmoja, maana Mama alikuwa ameinuka kutoka magotini na anakuja.

Hakunipiga. Alisimama mbele yangu.

"Mjomba wako alimshika kidole," akasema. "Wewe umemshika ulimi. Nimelia mimi. Nimemwambia maneno ambayo sijamwambia maisha yangu yote, kumbe nilikuwa najibiwa na wewe na bomba lako!"

"Mama, nilitaka tushinde."

"Na yeye alitaka kushinda!" Akamnyooshea Mjomba kidole. "Mna tofauti gani? Niambie! Nani kati yenu amengoja Bibi ajibu?"

Hapo Mjomba akacheka. Alicheka mpaka koti likafunguka na wino ukatokea wote. Kisha kicheko kikakatika, na nikaona wazo likimwingia, wazo zito, lililoingia kwa shida.

"Lakini zile mbili za mwisho," akasema. "Zile za mbao. Zile ni za mama yangu mwenyewe! Amemkataa dada! Mheshimiwa, andika hapo. Mama yangu anaelewa kila kitu!"

"Muda mfupi uliopita ulisema haelewi chochote," Hakimu akasema.

"Anaelewa... baadhi."

"Yapi?"

"Ya mwisho."

Hata Dada Mazoezi alitoa sauti puani.

Hakimu akafunga kalamu yake. Hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo aliikunja vizuri kama leso mfukoni. "Nilikusikia tangu ule mlio wa kwanza," akaniambia. "Nilikuwa nangoja uchoke, nione kama kuna mtu mwingine atajibu. Sasa nisikilize. Umenivurugia kikao, kwa hiyo wewe ndiye utakayekinyoosha. Nataka kujua zipi zilikuwa zako. Ukisema zote, pamoja na hizo mbili za mwisho, kwamba ulibadili chombo tu ili unichezee, basi nitaandika kwamba mama huyu hakujibu lolote, na mimi ndiye nitakayemchagulia msimamizi, kwa macho yangu, kwa yale niliyoyaona humu leo."

Sote tukatazama shati la Mjomba. Hakukuwa na haja ya kuuliza angemchagua nani.

"Na ukisema hizo mbili ni zake," akaendelea, "basi mama huyu anaelewa. Na neno lake la kwanza tangu augue ni kumkataa mama yako. Sitaweza kulipita kama sikulisikia."

Uongo mmoja, wasomaji. Mdogo kuliko chumvi ya kwenye chai. "Zote zangu, Mheshimiwa," basi: Mama angepata nyumba, Bibi angebaki na dirisha lake, Mjomba angerudi kwa dalali mikono mitupu. Mimi mwenye vipaji vyote hivi, niliyemhamisha matroni mzima, ningeshindwa na maneno matatu?

Nikamtazama Mama. Hakunikonyeza wala hakutikisa kichwa. Alisimama tu na mikono yake ya unga, na macho yake hayakuniomba kitu. Ingekuwa rahisi zaidi kama yangeniomba.

Kisha nikamtazama Bibi.

Alikuwa ameacha dirisha. Alikuwa amegeuza shingo, kwa taabu, nusu uso umelala na nusu umeamka, na ile nusu iliyoamka ilikuwa na hasira. Naijua hasira ile. Ni ya fundi aliyekuta mtoto amegusa mkasi wake mzuri kukatia karatasi. Kidole chake cha kushoto kilikuwa kimeinuka kidogo juu ya meza, subana ikitetemeka hewani, kikingoja.

Wote tulikuwa tumemsemea. Mjomba kwa wino, mimi kwa bomba, na Mama kwa ile "Namjua" yake, na yeye, sikujua bado kwa nini, alikuwa amekataliwa.

"Mheshimiwa," nikasema, na sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mtoto wa darasa la kwanza, "za chuma zote ni zangu. Ile ya kukusikia. Ile ya Mjomba. Ile ya ukumbi. Na ile ya kumkubali Mama."

"Na hizo mbili?"

Nikavua subana, nikaiweka kitandani ili mikono yangu yote ionekane.

"Ni zake," nikasema. "Bibi amesema hapana."

Mama akafumba macho.

Na kwenye ile meza ya mbao, mbali na mkono wangu, mbali na mkono wa mtu mwingine yeyote, subana yake ikalia mara moja, ile ya ndiyo.

*Duk.*